Wadogo zangu, wekeni sponji chini

Juzi nimemkuta kijana wetu na sponji mkononi, maji yanachuruzika, anaielekea karatasi yenye vita vya uhuru wa Marekani. Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatoka jikoni. Nyinyi mliokuja huku na ufundi wa rangi mkapewa kubandika karatasi za ukutani, njooni tuongee.

1. Itandazeni sakafuni mikanda yote 32 ya karatasi hiyo ya vita kwa namba zake kabla ya kukoroga gundi. Msipange kwa kutazama picha za Ikulu ya Marekani. Kile chumba cha kupokelea mabalozi kina toleo la 1834 la Zuber, kiwanda cha karatasi cha Ufaransa, la watu wanaotembea kwa amani. Mwaka 1852 kiwanda kiliondoa watu wa mbele kikaweka vita. Mandhari za maporomoko ya Niagara na za West Point, penye chuo cha kijeshi, zikabaki palepale nyuma.

2. Ukuta ukiwa mfupi, kateni anga. Liliachwa refu kwa ajili hiyo. Chini kuna miguu ya askari na kwato za farasi, hapaguswi.

3. Sponji. Nilikuwa mwaka wangu wa pili, nimezoea karatasi za plastiki: gundi ikitokeza kwenye kiungo, unafuta kwa maji, unaendelea. Tulikuwa tunarudishia seti ya 1852 iliyobanduliwa nyumba nyingine. Tone la gundi likatokeza kifuani kwa askari wa Kiingereza. Nikafuta mara moja tu. Rangi zile zilichapwa kwa vibao vya mbao, zimeshikwa na gundi ya wanyama, na maji huziamsha hata baada ya miaka mia. Wekundu wa koti ukashuka kwenye suruali nyeupe. Nikashika kitambaa, ukafika kwa farasi.

Halafu nikafanya baya zaidi: nikasogeza ngazi mbele yake, nikanyamaza hadi jioni. Mama aliyeitwa kuitengeneza aliniuliza saa ngapi ilitokea. Nilipomjibu, akafumba macho. Ningemwita palepale, angeunyonya unyevu ule kwa karatasi kavu. Alikaa siku tatu na brashi ya nywele chache, akimrudishia yule askari koti lake, nami namshikia taa.

Kwa hiyo kosa likitokea, niite. Hata usiku wa manane, mdogo wangu, niite.

4. Gundi iwe ya wanga, nyembamba, juu ya karatasi ya chini iliyokauka kabisa.

5. Timazi kwa kila mkanda, si wa kwanza tu. Nyumba za zamani kona zake hazijanyooka.

Na wewe wa juzi, sponji yako iko kwenye gari langu. Utaipata tukianza zile bafu.