Boma Ng'ombe imekua, au limekua?

SWALI: Naandika historia fupi ya mji wetu wa Boma Ng'ombe, wilayani Hai. Niliandika "Boma Ng'ombe imekua", mwalimu mmoja akakata na kuweka "limekua" kwa kuwa ni boma la, si boma ya. Pia nimeeleza kuwa BOMA ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza. Niko sawa?

JIBU: La kwanza uko sawa, la pili hapana.

Mwalimu ana hoja kuhusu boma lenyewe. Lile la miiba ya mgunga, ambalo jioni ng'ombe wakishaingia mlango unazibwa kwa tawi, liko katika ngeli ya li-ya: boma limebomoka, maboma yamebomoka. Ukisema "boma ya ng'ombe imebomoka", hata mimi nitatoa kalamu nyekundu.

Ila neno likishakuwa jina la mji, huhama ngeli yake. Tazama jirani zako tu. Moshi wa jikoni umetanda, lakini mji je? Moshi imebadilika. Maji ya kunywa yamekwisha, ila Maji ya Chai, kule njia ya Arusha, imejengeka. Basi Boma Ng'ombe imekua. Ukichoka kubishana andika "mji wa Boma Ng'ombe umekua", kitenzi kitamfuata mji na mwalimu hatakuwa na la kusema.

Hiyo "la" yenyewe imeshadondoka njiani. Mto wa Mbu wamebaki na "wa" yao, ninyi mmebana. Konda wa stendi ya Moshi hubana zaidi, ng'ombe anawaacha kabisa: "Boma, Boma, Boma!"

Hicho kifupisho kifute. Boma limo katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, kabla Waingereza hawajaitawala Tanganyika. Ni neno la uzio na ngome. Wajerumani walilikuta, wakaziita hivyo ngome zao za utawala. Lile la Arusha, la mwaka 1900 hivi, leo ni makumbusho. Ofisi ya mkuu wa wilaya ikarithi jina, ndiyo maana tunakwenda bomani na kuna ndoa ya bomani. Na kwa kuwa makao makuu ya Hai yako hapo kwenu, mtu anaweza kufunga ndoa ya bomani Boma Ng'ombe bila kukutana na ng'ombe hata mmoja, labda wa mahari.