Sehemu A inanila muda wote: nifanyeje na pepa ya FR?

SWALI

Ndugu mhasibu, shikamoo. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Busia. Pepa ya FR (utayarishaji wa taarifa za fedha) ya ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, nimeifanya mara mbili. Mara ya kwanza nilipata 44, ya pili 46. Kusoma nasoma, na hesabu nazijua. Shida yangu ni saa. Sehemu A, ya maswali mafupi, inanila saa moja na nusu, B inachukua saa nyingine na kidogo, nikifika C, ya maswali marefu, nimebaki na dakika ishirini na kitu na mikono inatetemeka. Mwenzangu mmoja ananiambia nianze na C. Mwingine anasema nikianza na C nitachanganyikiwa mapema. Nimsikilize nani? Na haya maswali ya kuchagua niyagawieje muda nikilinganisha na yale marefu?

JIBU

Marahaba, dada. Barua yako nimeisoma na kikokotoo mkononi, maana jibu nusu yake umeliandika mwenyewe bila kujua.

Pepa ya FR ni alama 100 kwa dakika 180. Kila alama ina dakika 1.8. Sehemu A ina maswali 15 ya alama mbili mbili, jumla alama 30, kwa hiyo stahili yake ni dakika 54. Wewe umeipa 90. Zilizozidi ni 36. Sasa tazama sehemu C: ina maswali mawili ya alama 20 kila moja, na alama 20 mara 1.8 ni dakika 36. Hazipungui, hazizidi. Umechukua swali zima la alama 20 ukalibadilisha na alama mbili tatu za sehemu A ambazo hata leo huna hakika kama ulizipata. Aliyepungukiwa alama nne tu kufikia 50 ya kufaulu, hasara yake iko hapo.

Watu wengi wakikwama kwenye muda hudhani ni wazito wa kuandika. Ninaowafundisha Jumamosi hapa Kampala nawaona: wepesi wanao, ila hawajui kuondoka. Swali likiwagomea wanalishika shati. Na karani wa forodha ndiye anayeumwa zaidi na ugonjwa huu, kwa sababu kazini tarakimu moja ikikosewa lori linalala mpakani. Umezoea kutoachia kitu mpaka kikae sawa. Kazini hiyo ni sifa. Kwenye pepa ni sumu.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: dakika ya sehemu A na dakika ya sehemu C hazina thamani moja, hata kama hesabu ya 1.8 inazionyesha sawa. Swali la kuchagua ni yote au hapana. Ukilikokotoa kwa dakika nane ukakosea hatua ya mwisho, unapata sifuri, sawasawa na aliyebahatisha kwa sekunde mbili. Hata yale yanayokutaka uchague majibu mawili kati ya manne, ukipata moja ukakosa jingine hupewi nusu. Sehemu C anasahihisha binadamu, naye hutoa alama kidogo kidogo, mstari kwa mstari. Ukikosea gudwili (kile kilicholipwa zaidi ya thamani ya mali halisi za kampuni iliyonunuliwa) mwanzoni kisha ukaitumia ipasavyo huko mbele, alama za huko mbele unapewa, kwa sababu anafuata namba yako mwenyewe. Dakika tano ulizoongeza kwenye swali gumu la A zinaweza kukupa sifuri. Dakika tano za mwanzo kwenye swali la C karibu haziwezi kukutoa mikono mitupu.

Nikuonyeshe mfano mmoja mmoja. Hili ni la aina ya sehemu A: kampuni mama imeiuzia kampuni tanzu, yaani kampuni inayoimiliki, bidhaa za shilingi milioni 24, faida ni asilimia 20 ya gharama, na nusu ya bidhaa bado ziko ghalani mwisho wa mwaka. Faida isiyotimia, yaani ya bidhaa ambazo bado hazijauzwa kwa watu wa nje, ni ngapi? Kwa kuwa faida imehesabiwa juu ya gharama, unachukua 24 mara 20 gawanya kwa 120, unapata milioni 4, na nusu yake ni milioni 2. Mwenye haraka atachukua asilimia 20 ya 24, apate 4.8, nusu yake 2.4. Na 2.4 ataikuta pale kwenye orodha ya majibu, imekaa inamsubiri. Kuiona namba yako kati ya majibu manne hakuthibitishi kitu. Aliyetunga swali anajua wapi watu hukosea, na makosa yenyewe ndiyo aliyoyaweka kwenye orodha. Muda wa swali hili ni dakika 3.6. Ukilijua utalimaliza kwa mbili. Usipolijua, kumi hazitakusaidia: weka alama ya kurudi, chagua jibu lolote, songa. Hakuna alama inayokatwa kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo usiache swali wazi hata moja.

Halafu la sehemu C: taarifa jumuishi ya hali ya kifedha, yaani mizania moja ya mama na tanzu pamoja, kampuni mama ina asilimia 80 ya tanzu. Soma kinachotakiwa kabla ya kusoma hadithi yenyewe. Kisha fungua lahajedwali ujenge mizania tupu, vichwa vyote: mali za kudumu, gudwili, bidhaa, wadaiwa, fedha taslimu, mtaji wa hisa, faida iliyolimbikizwa, wanahisa wachache (wenye ile asilimia 20 iliyobaki), wadai. Mbele ya kila mstari wa mali na wa wadai andika fomyula ya kujumlisha mama na tanzu, kwa mfano =350+180. Usikokotoe pembeni ukaja kuandika 530 peke yake, kwa sababu msahihishaji anaweza kuiona fomyula iliyo ndani ya kisanduku, na ndiyo inayomwonyesha ulikotoka hata kama jibu si lenyewe. Mtaji wa hisa ni wa mama tu, unanakili. Hapo hujagusa gudwili wala faida isiyotimia, umetumia kama dakika nane, na alama kadhaa tayari ziko mfukoni. Ndizo ulizoziacha mara mbili.

Baada ya hapo ndipo unaingia kwenye marekebisho, uanze na lile unalolijua. Hakuna sheria inayosema gudwili ije kwanza.

Lile swali lingine la C, la kuchambua hesabu za kampuni, lina mtego wake wa muda. Uwiano, kama wa faida kwa mauzo, unakokotoleka vizuri, unapendeza, na mtu anajisikia anafanya kazi. Dakika 25 zinapita kwenye uwiano ambao alama zake ni chache, na maelezo yenye alama nyingi yanapata dakika 11. Geuza. Tena ukieleza, kuandika kwamba faida ghafi imeshuka hakukupi kitu, hiyo hata msahihishaji anaiona. Sema imeshuka kwa nini, kwa sababu uliyoikuta kwenye hadithi ya swali: walifungua tawi jipya, walipunguza bei kumshinda mpinzani, walinunua tanzu katikati ya mwaka.

Kuhusu mizania kugoma kulingana, hili limenipata mwenyewe. Miaka hiyo tunaandika kwa kalamu, upande mmoja ulizidi mwingine kwa 540. Nikajua 540 inagawanyika kwa 9, kwa hiyo huenda kuna mahali nimepindua tarakimu. Nikaitafuta. Nikaipata pia, nilikuwa nimeandika 1,280 badala ya 1,820. Ilinichukua dakika 25, nikafurahi kama niliyeokota pesa, kisha nikafungua swali la mwisho zikiwa zimebaki dakika sita. Kosa lile lilikuwa na thamani ya alama moja, labda nusu. Mizania yako isipolingana, iache hivyo hivyo uende. Mkuu wako wa kazi hayupo chumbani.

Sasa nani umsikilize. Kwako wewe, namuunga mkono wa kwanza: anza na C. Kompyuta ya ACCA inakuruhusu kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine na kurudi upendavyo. (Wanaofanya CPA ya Marekani, mtihani wa wahasibu wa huko, hawana uhuru huu. Mtihani wao wa saa nne umegawanywa mafungu matano, na fungu ukishalifunga hulirudii.) Sababu yangu ni kwamba muda ukikuishia ndani ya A, bado una kitu cha kufanya kwa dakika mbili za mwisho: unabofya, na palipo na majibu manne una nafasi moja kati ya nne. Muda ukikuishia ndani ya C, visanduku vitupu havina bahati nasibu. Basi sehemu inayoweza kubahatishwa ndiyo ikae mwisho. Maswali ya kuandika namba mwenyewe hayabahatishiki, kwa hiyo ukiingia A yatangulize hayo.

Saa ya kwenye skrini inahesabu kurudi nyuma kutoka 3:00. Kariri namba tatu. Ikisoma 2:24 swali la kwanza la C limekwisha, limalizike lisimalizike. Ikisoma 1:48 la pili limekwisha. Ikisoma 0:54 unatoka B na kuingia A. Usijipimie dakika kwa kila swali dogo, utakuwa unatazama saa kuliko kazi. Namba hizo tatu zinatosha, na zikifika hakuna mjadala.

Yule wa pili naye hajakosea kabisa. Yupo mtu ambaye jedwali refu likimgomea asubuhi, pepa nzima imeharibika. Kama ni wewe, anza na A, lakini namba zako zitakuwa 2:06, 1:12 na 0:36, na kuzivunja ni marufuku vilevile. Chagua mpango mmoja sasa uufanyie mazoezi. Mpango wa kuchagulia kwenye kiti hauna maana.

Sehemu B haina mengi. Hadithi tatu, kila moja maswali matano ya alama mbili, dakika 18 kwa hadithi. Maswali ya hadithi moja hayategemeani, kwa hiyo la kwanza likikushinda hujapoteza manne yaliyobaki. Soma maswali kwanza, kisha hadithi, la sivyo utaisoma mara mbili.

Walio kwenye CPA ya Uganda msidhani haya hayawahusu. Nilipofanya pepa za ICPAU, chama cha wahasibu wa Uganda, saa tatu zilitanguliwa na dakika 15 za kusoma bila kuruhusiwa kuandika jibu, na palikuwa na maswali ya hiari. Dakika zile nilizitumia kuamua swali nitakaloliacha. Ukianza swali la hiari, ukafika katikati ukaghairi, muda ulioutumia umepotea bure. Hesabu ya 1.8 ni ileile.

Mazoezi yako, dada, yafanyie kwenye kompyuta. ACCA wana jukwaa la mazoezi kwenye tovuti yao, ni bure, na skrini yake inafanana na ya mtihani. Kila jioni ukitoka kazini fanya swali moja tu la C kwa dakika 36, simu ikuhesabie. Ikilia, ondoa mkono kwenye kibodi hata kama umebakiza mstari mmoja. Kisha sahihisha ulichoacha, uhesabu una alama ngapi. Siku za kwanza utaona 7 au 8 na utaumia. Usiongeze muda. Angalia tu alama zipi rahisi hukuzifikia, na kesho uanze na hizo.

Na mtihani ukiwa Kampala, usisafiri alfajiri ya siku hiyo. Ni karibu kilomita 200, na foleni ya Mukono unaijua. Njoo jana yake, ulale.