Mjibu mwanao kwa kumwonyesha njia ya Kolisi

Mama Neema, umeuliza umjibu nini kijana wako anayesema mgao wa rangi, yaani nafasi zinazotengwa kwa wachezaji wasio wazungu, katika timu za taifa za Afrika Kusini unawanyima nafasi wanaostahili.

Usianze na timu ya taifa, anza shuleni. Mchezaji wa raga Siya Kolisi alikulia Zwide, mtaa wa watu maskini, na majaribio yake ya kwanza ya timu ya mkoa aliyacheza kwa chupi kwa kukosa bukta ya raga. Kilichomfungulia njia ni ufadhili wa masomo katika shule ya Grey, yenye viwanja na makocha. Mwaka 2018 akawa nahodha wa kwanza Mweusi wa Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, akabeba Kombe la Dunia 2019 na 2023. Je, wangapi wa Zwide hawakuonwa na mtu?

Mwanao ana hoja moja nami naikubali: mchezaji huumia anapoitwa wa mgao hata akicheza vizuri. Lakini mwaka 1995 kikosi kilichotwaa kombe kilikuwa na mchezaji mmoja tu asiye mzungu, Chester Williams. Muulize kama walistahili wazungu peke yao.