Akija Kuulizia Balbu

Mwanafunzi mmoja alikuja ofisini kwangu bwenini mara tatu ndani ya wiki mbili, na mara zote tatu habari yake ilikuwa balbu. "Shikamoo Madam. Balbu ya chumbani kwetu imeungua." Nikaandika kwenye daftari la matengenezo: chumba 214, balbu. Fundi akaenda. Mara ya pili akasema ile mpya inazima na kuwaka. Nikaandika tena. Mara ya tatu alisimama mlangoni ameshika kitasa, akasema taa sasa inawaka vizuri, amekuja kushukuru tu. "Haya mwanangu, vizuri," nikamjibu, nikarudi kwenye karatasi nilizokuwa nasahihisha. Alibaki pale kitambo, kisha akaenda zake.

Wiki tatu kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula aliondoka alfajiri na shangazi kaja lake. Aliyenipa taarifa ni mama anayefanya usafi ghorofa ya pili. "Kwani Madam hukujua? Yule mtoto kaacha kwenda darasani siku nyingi. Nilikuwa namkuta saa nne, saa tano, kajifunika shuka, wenzake wote wameenda."

Nikafungua orodha ya chumba 214 nitafute jina lake. Halikuwepo. Alikuwa anabebwa.

Waliosoma vyuo vyetu wanajua kubebana: mwenye kitanda anamgawia nafasi asiye na chumba, wanalala mzungu wa nne kwenye godoro la mtu mmoja. Anayebebwa humkwepa wodeni kama anavyokwepa askari. Huyu alikuja mwenyewe, mara tatu, akanitajia namba ya chumba ambacho si chake, akasubiri nimuulize jina. Sikumuuliza.

Nilikuwa mlezi mkazi wa bweni la wasichana kwa miaka sita, katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, na hilo la balbu lilitokea nikiwa sijamaliza hata miaka miwili. Naandika haya kwa wahadhiri vijana wanaoombwa kuhamia nyumba ya mlezi, na kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wanaojitolea kuwaangalia wadogo zao wa mwaka wa kwanza. Nililojifunza ni kwamba mwanafunzi aliyeelemewa haji na shida yake. Anakuja na ufunguo uliopotea, bomba linalovuja, godoro lenye kunguni. Anakutazama unavyolipokea hilo dogo, ndipo aamue kama kubwa atakuletea au atarudi nalo chumbani.

Baada ya 214 nilihamisha kiti. Zamani kiti cha mgeni kilikuwa ng'ambo ya meza. Nikakileta upande wangu, karibu na dirisha, na kila aliyekuja kwa jambo lolote nilimwambia akae kwanza. Kisha jina, chumba, kozi, nyumbani wapi. Usiulize "una tatizo?" kwa sababu jibu ni "hapana Madam" hata kama mtoto anazama. Mimi nilikuwa nauliza amekula nini leo. Swali hilo halimtishi mtu, na jibu lake linasema mengi. Anayekuambia "chai na andazi" saa kumi jioni, na jana vilevile, ameshakufungulia mlango. Muulize pia pindi gani linamsumbua muhula huu. Akishindwa kutaja hata moja, ujue hajaenda darasani.

Kuhusu chakula, niseme kwa urefu kidogo, maana hapo ndipo walezi wengi tunapokuwa wakali bila kujua. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya chakula na malazi kwa wenye mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Bumu, yaani posho hiyo, la siku 60 likitoka ni shilingi 600,000 kwa mkupuo, mkononi mwa binti wa miaka kumi na tisa ambaye pengine hajawahi kushika laki moja iliyo yake. Wiki ya sita anakunywa uji. Nami nilikuwa nahubiri: mmenunua simu, mmesuka nywele za bei. Nilipoanza kukaa nao na kupiga hesabu kwenye karatasi nikakuta wengi walikuwa wametuma nyumbani. Ada ya mdogo wake kidato cha tatu. Dawa za bibi. Kaka aliyesema atairudisha mwisho wa mwezi. Mtoto wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu, kwao, ni mtu aliyeajiriwa na serikali.

Kwa hiyo usianze na somo la kubana matumizi. Anza kwa kumuuliza nani nyumbani anamtegemea, halafu msaidie kupata maneno ya kumwambia baba au mjomba, kwa heshima, kwamba hela hii ni ya kula mpaka tarehe fulani. Wengine tuliandika ujumbe wa simu pamoja, neno kwa neno. Kumwambia baba mzazi "safari hii sitaweza" ni kazi nzito kuliko mtihani wowote, na hakuna kozi inayoifundisha.

Bumu likikata ndipo majiko ya koili yanapotoka uvunguni. Kanuni inakataza kupika vyumbani, na sababu ni ya kweli: nyaya za mabweni ya zamani hazikujengwa kwa mzigo huo, na moto si mchezo. Mimi mwenyewe nilinyang'anya majiko mengi. Lakini usiku mmoja wa Ramadhani, saa kumi kasoro, umeme wa ghorofa nzima ulikatika. Nikapanda na tochi nikawakuta wasichana watano wameizunguka sufuria ya wali maharage ya daku, wametulia kimya kama waliofumaniwa. Jiko nililichukua. Sufuria nikaibeba mpaka jikoni kwangu, tukamalizia kupika huko, wakala mezani kwangu. Kuanzia kesho yake jiko langu la gesi lilikuwa wazi kwa waliofunga mpaka mwezi ukaisha. Sisemi kila mlezi afungue jiko lake. Ila ukichukua kitu mkononi mwa mwenye njaa, jua kwanza kesho yake atakula nini.

Kuishi na wanafunzi namna hii hakukuanzia kwetu. Koleji ya Merton, Oxford, ilianzishwa mwaka 1264, wasomi wakubwa na wadogo wakilala ua mmoja na kula meza moja, na mpaka leo msomi mwandamizi wa koleji huko huitwa felo. Yale, Marekani, walifungua koleji za namna hiyo kuanzia 1933, na sasa zipo 14, kila moja ikiwa na mkuu wake anayeishi humo humo. Kwetu mtindo huu ulipitia Makerere. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wa sheria wasingejaza hata basi moja, na hata baada ya kuhamia Mlimani mwaka 1964 mlezi aliweza kumjua kila kijana kwa jina. Leo Hosteli za Magufuli peke yake, zilizofunguliwa 2017, zilijengwa kuchukua wanafunzi 3,840. Hakuna mwalimu, hata awe na moyo gani, atakayewafikia hao wote akiwa peke yake.

Hapo ndipo walezi wanafunzi wanapohitajika kwa dhati. Mimi nilimpa kila mmoja watu kumi na wawili wa korido yake, si zaidi. Mwaka wa kwanza nilichagua wenye GPA, yaani wastani wa alama, za juu na nikakosea. Binti mmoja mwenye zaidi ya nne na nusu aliulizwa na mdogo wake afanyeje, takwimu hazimwingii. Akajibu, "Soma tu, utaelewa." Hakuwa na roho mbaya, hajawahi kushindwa, hajui kushindwa kunafananaje. Mwaka uliofuata nilitafuta waliowahi kushika sapu, yaani mtihani wa marudio, na wakaifuta. Hao wanakumbuka usiku wa kuona matokeo, nani walimpigia, ni kitabu gani walianza nacho, mwalimu yupi ukimfuata ofisini anakusikiliza. Mmoja wao alikuwa akigonga milango kumi na miwili saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi, majuma manne ya mwanzo, kwa sababu alikumbuka shule ya bweni kengele ilimwamsha miaka sita, na hapa hakuna kengele.

Wape mipaka, tena mapema. Mlezi mwanafunzi asikopeshe fedha, asibebe siri inayohusu uhai wa mtu, na asimwahidi yeyote "sitamwambia mtu" kabla hajasikia ni nini. Nilikuwa nawafundisha kusema: "Nitakusikiliza, na kama kuna wa kuambiwa nitakuambia wewe kwanza." Mwenzao akizungumza habari ya kutaka kujidhuru, asiachwe peke yake hata dakika tano, na mimi nipigiwe simu saa yoyote. Nilipigiwa mara mbili saa nane za usiku, na mara zote mbili nilifika nikiwa na khanga mabegani na kandambili.

Na lipo hili ambalo wengi hulisema kwa minong'ono: mwalimu anayetaka mwili ili mwanafunzi afaulu. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Msichana akikuletea jambo hili usiende kwa mwalimu huyo "kuyamaliza", hata kama ni rafiki yako. Usimwambie binti afute ujumbe, mwambie autunze. Andika tarehe na maneno kama alivyoyasema, na akikubali kwenda mbele nenda naye, kwa mshauri wa wanafunzi au TAKUKURU, simu yao ya bure ni 113. Kazi yako pale ni kukaa kiti cha pembeni yake mpaka amalize kueleza.

Yule wa 214 nilimpata kupitia mwenye kitanda. Cheti kimoja kilikosekana kwenye maombi yake ya mkopo na hakujua kuna dirisha la rufaa, likapita. Alishaanza kuamini kwamba chuo kimemshinda. Tukaandika barua ya kuahirisha masomo siku ya mwisho ya kupokea barua hizo, mimi nikiiandika kwa simu huku yeye akinitajia namba yake ya usajili toka kwao. Aliyetoweka kimya hufutwa. Aliyeandika barua nafasi yake hungoja. Akarudi mwaka uliofuata, safari hii kwa jina lake kwenye orodha.

Kama unahamia nyumba ya mlezi mwezi ujao, kabla hujafungua masanduku yako, panda ghorofani umtafute mama wa usafi. Msalimie kwa jina, na usiku mtafute mlinzi wa getini ufanye vivyo hivyo. Waachie namba yako, na uwaambie wakupigie wakiona mlango usiofunguliwa asubuhi.