Kuhamisha mfumo wa SACCOS kutoka Java 8 kwenda Java 21

Ndugu, nimekuelewa: mfumo wenu uko Java 8, seva inakwama wanachama wengi wanapouliza salio kwa pamoja, na meneja anauliza kama Java 21 itasaidia.

Itasaidia kama maombi yanasubiri tu majibu ya hifadhidata. Java 21, iliyotoka 2023, ina nyuzi pepe (virtual threads). Uzi ni njia moja ya kazi ndani ya programu, mfano kuhudumia ombi moja. Uzi wa kawaida hushikilia uzi wa mfumo endeshi hata unaposubiri. Uzi pepe huuachia, hivyo maelfu yake husubiri bila kumaliza kumbukumbu. Ila angalia idadi ya miunganisho ya hifadhidata. Ikiwa ni 20, foleni itahamia hapohapo. Tena, uzi pepe ukisubiri ndani ya `synchronized` (sehemu ya msimbo inayoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati) hauachii uzi wa mfumo endeshi. Hilo limerekebishwa Java 24. Na kama kinacholemea ni hesabu nzito za prosesa, nyuzi pepe hazitawafaa kitu.

Kinachosumbua zaidi wakati wa kuhama ni maktaba, yaani msimbo uliotengenezwa tayari ambao mfumo wenu unautegemea. JAXB, maktaba ya kusoma na kuandika XML, iliondolewa Java 11, kwa hiyo iongeze mwenyewe. Tangu Java 18 herufi husomwa kwa usimbaji wa UTF-8 usipotaja mwingine. Faili za zamani za Windows zenye é zinaweza kuharibika. Endesha `jdeps --jdk-internals` kwenye jar yako (faili ya programu iliyofungashwa) ujue mapema wapi msimbo unagusa sehemu za ndani za Java. Mimi hupitia Java 17 kwanza, makosa huonekana machache machache.

Hizo ni fedha za watu: jaribu kwenye nakala, kamwe si kwenye seva ya wanachama. Kama hesabu za riba hazina majaribio ya kiotomatiki, tafuteni mtaalamu aziandikie kabla hamjagusa chochote.