Kwa Mnaoanza na Maamiri wa Daylam na Gurgan

Juma lililopita niliketi na rasimu tatu za wadogo zangu walioanza mwaka huu kusoma habari za Daylam, Gilan, Tabaristan na Gurgan, nchi za kusini mwa Bahari ya Kaspi huko Uajemi, na katika rasimu ya pili nikakuta mnara wa Qabus, yaani kaburi la amiri wa Gurgan, umejengwa mwaka 1019. Qabus bin Vushmgir alipinduliwa na jeshi lake mwenyewe mwaka 1012, wakamwacha bila nguo za kutosha hadi baridi ikamuua, kwa hiyo, kwa hesabu ya mwenzetu, marehemu aliamuru ujenzi akiwa kaburini. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana kosa hilo nimelilea mwenyewe.

1. Lakabu si jina. Katika shajara ya nasaba andikeni vyote viwili. Wana wa Buya, walioanzisha ukoo wa watawala wa Kibuya, ni Ali, Hasan na Ahmad, yaani Imad al-Dawla, Rukn al-Dawla na Mu'izz al-Dawla, na huyo Rukn akamzaa Ali mwingine, ambaye ndiye Fakhr al-Dawla. Mmoja wenu alipokutana na "Ali bin Hasan" alinipigia simu saa tano usiku kunijulisha kwamba amempata mwasisi wa Kilwa. Hakumpata. Yule wa Kilwa husimuliwa kuwa alitoka Shiraz. Huyu wetu alitawala mji wa Ray, Uajemi, na majina hayo mawili hayana uhaba popote penye Waislamu.

2. Hijria haigeuzwi kuwa Miladia kwa kujumlisha 622. Hapa nitakawia, mnivumilie.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili, nimepewa dakika ishirini mbele ya walimu wanne kueleza ugomvi wa wana wa Rukn al-Dawla. Miaka nilikuwa nimeichukua katika tarikh za Kiarabu, kila mmoja nikaujumlishia 622 kwa furaha kubwa, isipokuwa mwaka wa kifo cha Adud al-Dawla, mwana mkubwa wa Rukn, yaani 983, ambao niliukuta umekwisha kugeuzwa katika kitabu kingine. Rukn alifariki mwaka 366 Hijria, nikaandika 988. Adud alimfukuza Qabus kutoka Gurgan mwaka 371, nikaandika 993. Mzee mmoja akavua miwani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu Adud al-Dawla alirithi na kupigana vita akiwa amekwisha kuzikwa?"

Laiti ningesema sijui. Badala yake nilijibu kwamba vyanzo vinatofautiana, na nilipoona kichwa kinatikiswa nikaongeza kwamba bila shaka walikuwapo Adud al-Dawla wawili, baba na mwana, wenye lakabu moja. Nilimtetea mwana huyo asiyezaliwa kwa dakika saba nzima. Nilifika hata kumpa tabia. Mwalimu mwingine, bila kusema neno, akairudisha picha yangu ya kwanza ukutani: maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mnara wa Qabus, ambayo nilikuwa nimeyasoma kwa sauti mwanzoni ili kuwapendeza. Yanasema jengo hilo liliamriwa na Shams al-Ma'ali, ndiyo lakabu ya Qabus, katika uhai wake, mwaka 397 wa mwezi na mwaka 375 wa jua. Hesabu ya jua ni ile ya Yazdgerd, mfalme wa mwisho wa Wasasani wa Uajemi, iliyoanza mwaka 632, miaka kumi baada ya Hijra, lakini tofauti ya tarakimu hizo ni 22. Hiyo 12 iliyozidi inatokana na ufupi wa mwaka wa mwezi, na mimi niliyeiona Ramadhani ikirudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka tangu utotoni sikuwa na udhuru wowote. Rukn alifariki 976, Qabus akafukuzwa 981, mnara ni wa 1006 au 1007, si 1019 inayopatikana kwa kujumlisha 397 na 622. Zidisheni mwaka wa Hijria kwa 0.97, ndipo mjumlishe 622, kisha mhakikishe kwenye jedwali.

3. Tazameni sarafu kabla ya kuwasikiliza waandishi wa kasri.

4. Msidhani fadhila hulipwa. Fakhr al-Dawla alipokosana na kaka yake Adud alikimbilia Gurgan, na Qabus, alipotakiwa kumtoa, alikataa. Kwa ajili ya mgeni huyo alipoteza nchi, akakaa Khurasan, upande wa mashariki, kwa watawala wa Kisamani takriban miaka kumi na saba. Mwaka 984 waziri Sahib bin Abbad alimwita Fakhr arudi Ray kutawala, na ninyi nyote, nawajua, mmeandika kwamba alimrejeshea mwenyeji wake Gurgan. Hakumrejeshea. Qabus alirudi Fakhr alipokwisha kufa, akatawala kwa ukali uliowachosha askari wake, na mwanawe Manuchihr ndiye waliyemweka mahali pake. Nampenda mtu huyu kuliko inavyofaa: al-Biruni alimtunukia kitabu chake juu ya kalenda za mataifa, na bado sisi tunakosea kalenda mlangoni pa mnara wake.

5. Vifo visiwapotezee kurasa. Mardavij, mwasisi wa ukoo wa Qabus, aliuawa na maghulamu wake, yaani askari watumwa, Waturuki huko Isfahan mwaka 935, na nduguye Vushmgir, baba yake Qabus, akauawa na nguruwe mwitu akiwa mawindoni mwaka 967. Sentensi moja kwa kila mmoja inatosha, ingawa nakiri kwamba nguruwe nilimpa ukurasa mzima.

Rasimu zenu ziko mezani kwangu. Ile ya mwaka 1019 ina doa la chai pembeni, nalo ni langu.