Swali la lugha: Mwanzi nao una msongo wa mawazo?

Msomaji wetu wa Ubungo, mwanafunzi wa baiolojia, anatafsiri utafiti kuhusu mwanzi wa China uitwao moso. Kichwa amekiandika hivi: "Utafiti wa jenomu-pana wa familia ya jeni ya WRKY inayohusiana na msongo wa mawazo katika mianzi." Anauliza kama hicho ni Kiswahili fasaha.

Ndugu yangu, nianze na msongo, maana hapo ndipo ujumbe unapopotea. Mwanzi hauna mawazo ya kuusonga. Kinachousumbua ni ukame, baridi, au chumvi udongoni. Utazame Februari, masika hayajaanza: majani yamejikunja kwa urefu, yamekuwa membamba kama njiti, ili maji yasipotee. Hiyo ni dhiki. Asili ya neno hilo katika Kiarabu ni ufinyu, kubanwa, nasi hulitumia kila siku kwa aliyebanwa na maisha. Mmea nao umebanwa. "Msongo wa ukame" si kosa, ila mimi nachagua "dhiki ya ukame".

"Familia" inaeleweka, lakini ina mtego. Katika baiolojia, familia ni ngazi ya kuainisha viumbe: mwanzi umo katika familia ya nyasi, pamoja na mpunga, mahindi na muwa. Jeni unazozitaja zina habari nyingine. Zilitokana na jeni moja ya kale iliyonakiliwa, nakala zikanakiliwa tena, kila moja ikabadilika kivyake. Sasa watu wa babu mmoja waliotawanyika, kila mtu na mji wake, si ndio tunaowaita ukoo? Andika "ukoo wa jeni". Herufi WRKY ziache zilivyo, kwani ni alama za asidi amino nne, yaani viungo vya kujengea protini, zinazofuatana katika protini za jeni hizo.

"Jenomu-pana" futa kabisa. Jenomu ni jumla ya maelekezo yote ya urithi ya kiumbe. Inasema jenomu ndiyo pana, kumbe kilichoenea ni msako wenyewe. Jenomu ya moso ilichapishwa mwaka 2013, na tangu hapo watafiti wanaweza kuipekua yote badala ya kuvizia jeni mojamoja. Kwa hiyo sema "jenomu nzima".

Mimi ningeandika: "Ukoo wa jeni za WRKY katika jenomu nzima ya mwanzi moso, na kazi yake wakati wa dhiki." Nimesema "mwanzi", si "mianzi", kwa sababu spishi iliyochunguzwa ni moja.